Ufunguo Uliojulikana na Kwaya Nzima

Juzi redio ilikuwa inasema juu ya magaidi wa mitandaoni. Msomi mmoja, sauti yake laini kama ya mtu aliyekula vizuri, alieleza kwamba siku hizi adui hahitaji bunduki. Anakaa kwenye kiti chake, anabonyeza, na mji mzima unakosa umeme, hospitali zinasimama, ndege hazijui pa kutua. Jirani yangu alikuwa anapukuchua mahindi. Akacheka.

"Sisi watatuzimia nini?" akasema. "Taa iko wapi?"

Nikacheka naye, lakini kicheko chenyewe kilinichosha. Maana sisi walikwisha kutuzimia zamani, isipokuwa hawakuzima taa. Na mimi ndiye niliyebaki nachochea moto.

Nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa wamisioni, juu kule milimani nyuma ya Uvira. Kisha baba akasema ng'ombe hazijui kusoma na zinangoja. Kwa hiyo msinishike sana kwa herufi. Ninaandika kama ninavyosema, na ninavyosema, watu wa hapa kambini Rubondo wanajua, ni kama mbuzi aliyekata kamba: anachungulia kwa huyu, anachungulia kwa yule, jioni ndipo anakumbuka kwao.

Tulitoka mwaka wa tisini na sita, mimi na mke wangu. Mtoto wetu wa kwanza vita ilikwisha kumchukua. Aliacha binti mmoja, mdogo, asiye na mama, na huyo tulimwacha Uvira kwa mama yake mdogo. Tulisema ni kwa muda tu, mpaka njia itulie. Njia za kwetu hamzijui. Hapo ndipo pia sikio langu la kushoto lilipobaki, bomu, kila mtu anajua habari ya bomu. Tukapita Burundi, tukapita Tanzania, tukafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tukapewa turubai, jembe, sufuria, na fasi ya miiba karibu na ziwa. Viboko walikuwa wenyeji, sisi wageni. Tukalima mahindi na maharagi. Ng'ombe wa wenyeji wa Endiinzi wakaja kuonja, tukagombana na wenye ng'ombe, tukazoeana, tukagombana tena.

Wakati ule habari zilikuja kwa miguu. Mtu anatoka Uvira, anafika hapa nyayo zimepasuka, na kabla hajapewa maji anaanza kumwaga salamu alizobebeshwa. Na kila salamu ilikuwa na alama. Hiyo ni desturi yetu ya milimani, sijui kama kwingine iko. Ukimtuma mtu, humpi neno tupu. Unalifungia ndani kitu kidogo ambacho wewe na yule wa kupokea tu mnakijua. "Umwambie ng'ombe asiye na mkia anamsalimu." Mjumbe mwenyewe haelewi amebeba nini. Lakini mwenye kupokea akisikia ng'ombe asiye na mkia, anajua hii imetoka kwa mdogo wangu kweli, si kwa mtu wa njiani. Neno lisilo na alama tulilisikiliza, tukalishukuru, wala hatukulifanyia kazi.

Mke wangu alikuwa bingwa wa alama. Mara moja alimpelekea dada yake habari ya kifo cha shangazi yao, na alama aliyoweka ilikuwa chafu hata mjumbe, ambaye alikuwa shemasi, alikataa kuitamka mbele ya watu. Alimvuta yule dada nyuma ya nyumba akamnong'oneza. Yule dada akalia na kucheka kwa pamoja, na shemasi akaomba maji ya kusukutua kinywa. Nimetoka njiani. Ninarudi.

Kisha zikaja simu, na nyuma ya simu zikaja ordinateri, ndizo kompyuta. Huko mjini Mbarara, si mbali na soko, kulikuwa na Hajati mmoja, mama wa Kiislamu mwenye duka: mbele anauza vitambaa, nyuma ana ordinateri zimepangwa kama wagonjwa wa zahanati. Mimi nilikuwa ninapanda lori la maharagi ya wakulima wenzangu, kupitia Kaberebere, kila siku ya soko kubwa. Kwa kuwa nilikuwa ninakwenda, kanisa likaniambia: wewe utakuwa mjumbe wetu. Tulifungua anwani moja ya barua pepe kwa kanisa zima. Ndugu walioko Uvira, Bujumbura, Nairobi, na wale waliokwenda nchi za barafu, wote wangeandika hapo. Hajati angenisomea, angechapa kwenye karatasi, nami ningerudi nazo, na Jumapili, baada ya sadaka, zingesomwa mbele ya watu wote. Mtu aliachwa na mke, tulijua. Mtu amefaulu mtihani, tulipiga vigelegele. Hakuna aliyeona ubaya.

Ugomvi ulikuja kwa modepasi, lile neno la siri la kufungulia. Nani atalishika? Wazee walikaa mchana mzima.

"Akilishika mchungaji, watu watasema mchungaji anasoma barua za wake za watu."

"Alishike mzee wa maharagi, si ndiye anakwenda?"

"Yule? Yule hata akikohoa anaeleza kilichomkohoza. Si bora tupige ngoma?"

Walicheka, nikacheka. Mwishowe mzee mmoja wa bonde, maana kanisani tuko watu wa mlima na watu wa bonde, akasimama, akasema neno lililotulia mioyoni: kitu cha kanisa hakifichwi kwa mtu mmoja, tuchague neno ambalo kila mtu analo tayari. Wakachagua maneno ya kwanza ya wimbo tunaofungulia ibada. Jumapili likatangazwa, na kwaya ikaliimba ili wenye kusahau wasisahau. Tulifurahi sana. Tuliona tumewashinda wenye siri.

Nilipomtamkia Hajati, aliacha kukunja kitambaa.

"Mzee, sasa hii kila mutu iko nayo?"

"Kila mtu, Hajati. Hata watoto."

"Basi hiyo si ufunguo, sebo, bwana wangu. Hiyo ni mulango wazi."

"Mlango wa kanisa hukaa wazi," nikamjibu, na nilijiona nimesema neno kubwa. Nililirudia katika lori mpaka Kaberebere.

Na alama tukaziacha. Nani angehangaika na ng'ombe asiye na mkia, wakati barua ilikuja na jina la kanisa juu kabisa? Mke wangu peke yake ndiye hakupenda.

"Barua zenu hazina chumvi," alisema. "Nitajuaje ni yeye?"

"Imeandikwa juu."

"Juu hata kopo la maziwa limeandikwa maziwa. Ufungue, utakuta mafuta ya taa."

Sasa nije kwa mjukuu. Alikwisha kuwa mwanamke, Uvira kule, anashona nguo. Mke wangu alimwita mke mwenzangu, kama ilivyo kwetu, maana mjukuu wa kike ni mke wa babu kwa utani. "Mke mwenzangu atakuja lini anipokee kazi? Nimechoka kukupikia peke yangu." Huo utani ulianza kuwa kweli mwaka ambao miguu ya mke wangu ilivimba. Kwanza miguu, kisha tumbo. Zahanati ya kambini walimpa vidonge, wakampeleka hospitali ya Mbarara, wakamrudisha. Hawakusema mengi. Yeye mwenyewe akasema.

"Mwite," akaniambia. "Na kama sitamngoja, moto wangu auzime yeye. Si mwingine."

Hapa inabidi nieleze, kwa watu wasio wa kwetu. Mtu akifa, moto unawashwa mbele ya nyumba, na watu wanakaa hapo matanga. Moto huo hauzimwi na yeyote. Anauzima mtoto wa kwanza wa marehemu, na kama hayuko, mtoto wa yule mtoto. Anamwaga maji, anatupa majivu, ndipo matanga yamekwisha, watu wanaweza kuoga, kulima, kucheka. Moto usipozimwa na mwenyewe, tunasema marehemu bado amekaa mlangoni. Wasomi wa kanisa wanasema ni upagani. Lakini hata wao, wakifiwa, nimewaona wanamngoja mtoto.

Basi nikamwandikia kwa Hajati: njoo, nyanya yako anakuita. Akajibu upesi. Amepata mtu wa kusafiri naye, atapita Bujumbura. Jumapili barua ilisomwa, watu wakasema amina. Mke wangu aliniomba nipige kitanda chokaa kumngojea. Sijui kwa nini chokaa. Nilikipaka chokaa kile kitanda, miguu yake yote minne, kikawa kama cha bwana harusi.

Safari iliyofuata ya lori, niliingia kwa Hajati na nikaona hajanisalimu.

"Kaa, mzee wangu. Bambi, pole, kaa kwanza."

Akanisomea. Barua ilikuwa imetoka kwetu. Kutoka anwani yetu, kwa jina la kanisa letu, kwa salamu zetu kama tunavyosalimiana, imekwenda kwa ndugu wote wa pande zote. Ilisema: Wapendwa, wauaji wa vita ile wameingia hapa kambini. Wameshika simu zetu. Mtu akiwapigia msiamini, hata ikiwa ni sauti ya baba yako. Watawatuma watu wenye sura mnazozijua, msiwafungulie. Watawapa neno kubwa la kuwatoa nyumbani, msitoke. Aliye njiani arudi.

Chini yake majibu yalikuwa yamejaa kama nzi. Muko bazima? Nani amekufa? Mutujibu. Halafu wengine: musitujibu.

"Nani ameandika hii?" nikamuuliza Hajati, kama kwamba yeye angejua.

"Mutu yenye anajua wimbo yenu," akasema.

Nilirudi na lori, nikakuta habari imenitangulia. Ndugu wa nchi za barafu walikuwa wamekwisha kupiga simu, wanalia, na kilio chao ndicho kilichowatisha waliokuwa wamekaa kwa amani. Wenye ng'ombe walikuwa wamezisukuma kuelekea Endiinzi. Wengine walijificha katika matete ya ziwa, fasi ya viboko, mtu anamkimbia muuaji asiyekuwapo anajipeleka kwa muuaji aliyepo. Mahindi yaliyoanikwa yakaliwa na mbuzi. Na hakuja mtu. Hakuja hata mmoja. Tuliogopa mpaka tukaona aibu, tukarudi mmoja mmoja, kila mtu akijifanya alikwenda kutafuta kuni.

Polisi alikuja kuuliza. Kijana mzuri tu, koti lake lilikuwa kubwa kuliko yeye. Tulikaa naye kanisani.

"Nyinyi wazee, mimi nauliza swali moja tu. Ile pasiwadi, nani alikuwa nayo?"

"Wote, afande."

"Wote nani?"

"Kanisa."

"Kanisa ni jumba. Mimi nataka mutu."

"Afande, kwaya ndiyo ililiimba," mchungaji akasema polepole.

Yule polisi akafunga kalamu yake. "Sasa mimi nakamata nani? Nakamata kwaya yote? Sauti ya kwanza hapa, sauti ya pili huku?"

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine tungecheka. Akaenda zake. Mpaka leo sijui ni nani. Watu wa mlima walisema ni watu wa bonde, maana aliyeleta shauri la wimbo alikuwa wa bonde. Watu wa bonde walisema ni mtu wa mlima aliyenyimwa nafasi ya kwenda ng'ambo. Wengine walisema ni adui wa kweli wa kule nyumbani, aliyepata wimbo wetu kwa mtoto. Benchi zikagawanyika. Mtu uliyemshika mkono wakati wa amani ya Bwana, sasa unamshika na kuchungulia uso wake. Nilikwisha kuona bunduki, na bunduki inajua kumaliza, inalia kisha inanyamaza. Ile barua haikunyamaza.

Tulibadilisha neno. Tukaandika nyingine: ile ni ya uongo, sisi tuko salama, njooni kama mlivyotaka. Jibu kutoka Uvira lilikuwa fupi: ndivyo mwongo angeandika. Tukamtuma shemasi mmoja kwa basi, mtu wa kuaminika. Alifika, alibisha kwenye mlango wa yule mama mdogo, wakamwangalia kwa dirisha. Sura yake waliijua. Si ndivyo barua ilivyosema? Hawakufungua.

Na mjukuu wangu alikuwa amekwisha kufika Bujumbura. Alirudi kutoka hapo.

Mke wangu alikufa wakati wa jua kali, mchana, mimi niko nje ninageuza maharagi kwenye turubai. Hakuniita. Nilimkuta ameangalia mlango. Tulimzika jirani na mpaka wa shamba, tukawasha moto mbele ya nyumba, watu wakakaa. Nikapanda pale mlimani penye mtandao, nikapiga Uvira.

"Alo. Ni mimi, babu yako."

"Babu gani?"

"Kwani uko na wangapi?"

Nilisikia kama anataka kucheka. Akajizuia. "Sauti ya babu haiko hivi. Sauti ya babu ilikuwa na meno."

"Meno yamebaki njiani, mke wangu. Sikia. Nyanya yako ametutoka. Tumemzika."

Nikangoja kilio. Badala yake akasema, na sauti yake ilikuwa kavu kama ganda: "Barua ilisema mutaleta neno kubwa ili nitoke. Mumetafuta, mumeona kifo ndiyo kikubwa?"

"Mjukuu wangu, moto unakungoja."

"Umusalimie nyanya. Umwambie mke mwenzake angali anamupenda, asikuwe na haraka." Akakata.

Alikuwa ananituma nimsalimie marehemu. Nilikaa chini kwenye jiwe. Sikulia. Nilichoka tu, nilichoka kama mtu aliyebeba gunia akaambiwa si hapa, rudi nalo.

Nilimpigia tena, na tena. Wakati mwingine alipokea, na hapo ndipo nilipojua kwamba moyoni alikuwa na mashaka, maana asiyekuamini kabisa hapokei. Siku moja akasema: "Kama ni wewe kweli, niambie kitu chenye mimi na babu tu tunajua. Kimoja ninacho kichwani. Sitakutajia."

Nikafurahi. Nikasema hii ni alama, mambo yetu ya kale, sasa tunaelewana. Nikamwambia habari ya ng'ombe aliyekula kitenge cha bibi harusi.

"Hiyo kila mutu anajua."

Nikamwambia jinsi nilivyomkimbia chui na kumwacha mchungaji.

"Hiyo ulisema hata kwa mahubiri."

Nikamwambia jina la utani alilompa kuku.

"Iliandikwa kwa barua. Barua si zilisomwa kanisani?"

Nikarudi nyumbani nikakaa mbele ya moto, nikapekua maisha yangu yote. Ndugu zangu, ni kazi ngumu. Kila kitu nilichokipata nilikuwa nimekwisha kukieleza kwa mtu. Ndoa yangu, vita, kuhara kwangu kwenye mashua, ndoto zangu. Nilimuuliza jirani, mama mmoja mwenye ulimi: "Wewe, kuna kitu nisichowahi kukueleza?"

"Shemeji," akasema, "hata siku uliyozaliwa ulitueleza mwenyewe. Ulitufichia nini? Labda siku utakayokufa, na hiyo pia utapita asubuhi kutuambia."

Wakati huo moto ulikuwa unakula. Kuni hapa ni vita. Ukikata mti wenyeji wanakufukuza, na wana haki, maana tumeumaliza msitu wao. Nilichochea kwa magunzi ya mahindi, kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, mwishowe nilivunja kile kitanda cha chokaa. Waombolezaji walichoka, wakaomba ruhusa, wakaenda mashambani. Wazee wakaja.

"Mzee mwenzetu, mwache mtoto wa ndugu yako auzime. Mungu anaelewa."

"Mungu anaelewa," nikasema. "Yeye je?" Nikaonyesha kaburi.

Wakaondoka. Nilikuwa ninalala kidogo, ninaamka, ninapuliza. Shati langu lilinuka moshi hata nje ya kambi. Katika lori watu waliniachia nafasi.

Siku hiyo nilikuwa nimeshuka Mbarara, nikapanda kwanza kilima cha Kamukuzi kwenye ofisi moja kuuliza kama mtu wa Uvira akija atapokewa bila karatasi, wakaniambia rudi siku nyingine. Nikateremka kwa Hajati. Hakuniuliza kitu, alinusa tu, akanipa kiti na chai ya maziwa.

"Bado mutoto hajaamini?"

"Bado."

"Piga na simu yangu. Network hapa iko sawa." Akaibonyeza mwenyewe, akanipa.

Nikaiweka sikioni. Kimya. Nikangoja. Kimya. Nikasema, "Hajati, hapokei." Akasogea, akaunyanyua mkono wangu kama wa mtoto, akauhamisha upande wa pili.

"Sebo, si umeweka kwa sikio ya bomu? Wewe mwenyewe uliniambia bomu iliua hiyo sikio. Kila mutu wa soko anajua bomu yako."

Kwenye sikio zima nikamsikia mjukuu wangu anasema alo, alo, nani? Sikumjibu. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai. Kwa sababu hapakuwa na bomu. Hapakuwa na bomu hata siku moja.

"Haragi," nikasema.

Nikakiweka kikombe mezani.

"Nilikuwa nimelala kwenye kivuli cha migomba," nikasema. "Wewe ulikuwa unacheza na maharagi ya mbegu. Ukanitia moja ndani ya sikio, sikio la kushoto, uone kama litaota. Nikaamka, halikutoka. Nilioga, likavimba. Ulilia sana, ulisema mti utatoka kichwani mwangu na nyanya atakupiga. Nikakuambia nyanya hatajua. Nikalitoa kwa kijiti mimi mwenyewe, nyuma ya zizi, damu ikatoka. Halafu vita ikaja, watu wakaona sisikii, wakasema bomu. Nikasema ndiyo, bomu. Nyanya yako amekufa anajua ni bomu."

Nilikuwa nimeisema ile habari ya bomu miaka mingi, kwa watu wengi, hata mimi mwenyewe nilikuwa ninasikia mlio wake. Ndiyo maana nilipopekua sikuikuta. Niliipita kila mara.

"Babu," akasema.

"Ndiyo, mke wangu."

"Nyanya amekufa?"

Hapo tu ndipo nilipoelewa nilichokuwa ninakitafuta muda wote ule. Nilikuwa ninatafuta ufunguo wa kumfungulia mtoto mlango aingie kilio. Kama ningejua jinsi ya kurudisha lile haragi kinywani ningelirudisha.

"Amekufa," nikasema. "Tulimzika. Alikuwa ameangalia mlango."

Akaanza kulia. Alilia kama wanavyolia kwetu, kutoka chini, na nikasikia wanawake wa nyumba ile wanakuja mbio, yule mama mdogo anauliza ni nini, ni nini, naye anasema ni kweli, ni yeye, ni babu, nyanya amekufa. Wakaungana wote. Hajati aliwatoa wateja, akafunga nusu ya mlango, akasimama akiwa na kitambaa mkononi, na kilio cha Uvira kikajaa duka lake la Mbarara. Sikukata simu. Ilikata yenyewe.

Alifika wakati mvua za kwanza zinaonja. Mnene kuliko nilivyowaza, viatu mkononi, ananuka vumbi la njia yote. Hakuingia ndani. Alikwenda kwenye moto, nami nikampa maji katika ile sufuria tuliyopewa siku tunafika, ndiyo hiyo hiyo. Akamwaga. Moto ulikuwa mdogo sana, magunzi matatu manne, haukupiga hata kelele. Akachota majivu kwa mikono yake, akayapeleka kwenye mpaka wa shamba, akakaa huko. Jirani mwenye ulimi alipiga kigelegele kimoja, akakikata katikati.

Baadaye, nimeoga, nimebadilisha shati, tumekaa tunakula, akaniangalia sikio.

"Babu, habari ya haragi, Hajati ameisikia?"

"Ameisikia. Na mama yako mdogo. Na jirani."

"Jirani!"

"Aliniuliza kwa nini unakuja."

Akatikisa kichwa chake, kama nyanya yake. "Basi haitatusaidia tena. Kesho nikirudi Uvira, tutajuana kwa nini?"

Tukafikiri. Akasogea upande wa sikio zima, akaninong'oneza kitu kimoja, mimi nikamrudishia kingine. Hicho sijamwambia jirani, wala Hajati, na hapa pia hakimo. Ni kazi ngumu kwa mtu kama mimi. Kinaniwasha kama upele kila ninapoona watu wamekaa. Lakini jana alipiga simu kutoka kule, na kabla hajasema hujambo alinitajia, nami nikamjibu, ndipo tukasalimiana.

Kanisa sasa wana neno jingine la siri, wanalishika watu watatu. Hakuna anayewaamini.